Chati inapokataa au inapodanganya: dalili na sababu kwa anayeanza Power BI Lubumbashi

Katika depo, maduka na kampuni za Lubumbashi, kazi ya kuonyesha mauzo kwa michoro humwangukia mtu ambaye tayari ana kazi nyingine: karani wa hesabu, mtunza stoo, mara nyingine binti wa mwenye depo aliyemaliza chuo mwaka jana. Ana kompyuta moja yenye Windows ya Kifaransa, faili za Excel zilizojazwa na watu watano kila mmoja kwa mtindo wake, na video za mafunzo ambamo data ni safi tangu mwanzo. Akijaribu na data yake mwenyewe, chati inatoka tupu, au inatoka na namba ambazo bosi anazikataa papo hapo.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Nimechukua Power BI Desktop, programu ya Microsoft ya kugeuza data kuwa michoro, kwa sababu ni ya bure na, ikishaingia kwenye kompyuta, huchora bila intaneti. Anayetumia Tableau Public au Looker Studio atazikuta dalili nyingi hapa zikiwa zile zile, maana chanzo chake ni data. Majina ya vitufe nimeyaacha kwa Kifaransa, jinsi yanavyoonekana kwenye kompyuta zetu.

Jambo moja kabla ya dalili yoyote. Chati ikikusumbua, usianze kubadilisha rangi wala aina ya chati. Bofya Transformer les données, utazame alama ndogo iliyo kushoto kwa jina la kila safu. ABC ni maandishi, 123 ni namba kamili, 1.2 ni namba yenye desimali, kalenda ni tarehe. Ukikuta ABC juu ya safu ya pesa, au ABC juu ya safu ya tarehe, ugonjwa umeshauona.

Programu haiingii kwenye kompyuta, au inadai barua pepe

Power BI Desktop ni ya Windows peke yake, na Windows 7 iliachwa zamani. Mwenye Mac atumie Tableau Public, au Looker Studio inayofanya kazi ndani ya kivinjari na kuhitaji intaneti muda wote. Faili la kusakinisha ni zito, mamia ya megabaiti. Ukiichukua programu kupitia Microsoft Store itajisasisha yenyewe, na toleo jipya hutoka karibu kila mwezi. Kwa anayenunua megabaiti kidogo kidogo huo ni mzigo. Afadhali pakua faili lenyewe kwenye tovuti ya Microsoft mahali penye Wi-Fi, uliweke kwenye flashi, uwape na wenzako.

Dirisha linalodai barua pepe linawatisha wengi, hasa linapokataa anwani ya Gmail au Yahoo. Linahusu huduma ya mtandaoni, ambayo inataka anwani ya kazi au ya shule. Lifunge, uendelee. Kusoma Excel, kuchora, kuhifadhi na kutoa PDF havihitaji akaunti.

Jumla ya mauzo ya mwezi ni 412

Umeburuta safu ya Montant ukitegemea mamilioni, na chati imekupa 412. Soma kichwa chake vizuri: kimeandikwa Nombre de Montant. Programu imehesabu mistari badala ya kujumlisha pesa, kwa kuwa safu hiyo kwake ni maandishi, na maandishi hayajumlishwi.

Tafuta kilichoigeuza kuwa maandishi. Kwa kawaida ni kimoja kati ya hivi: FC au $ iliyoandikwa ndani ya seli pamoja na namba, kistari kilichowekwa siku ambayo hakukuwa na mauzo, herufi O badala ya sifuri, au nafasi kati ya maelfu, kama 1 250 000. Power BI hukisia aina ya safu kwa kutazama mistari 200 ya kwanza. Kasoro ikiwa ndani ya hiyo 200, safu nzima inabaki ABC. Ikiwa chini zaidi, safu inakubaliwa kuwa namba, halafu unaambiwa mwisho wa kupakia kwamba kuna makosa kadhaa, na mistari hiyo inatoka kwenye jumla. Onyo hilo usilifunge bila kulisoma, kwa sababu pesa zilizokosekana ziko humo.

Dawa ni Remplacer les valeurs: badilisha FC kwa kutoandika kitu, halafu nafasi kwa kutoandika kitu, kisha geuza aina ya safu kuwa namba. Hapa kuna mtego mmoja unaowachosha watu. Nafasi iliyo kati ya maelfu mara nyingi si ile ya kitufe kirefu cha kibodi. Ni nafasi isiyokatika, ambayo Excel ya Kifaransa na programu za hesabu huiweka zenyewe. Kwa macho haitofautiki. Ukiandika nafasi ya kawaida kwenye Remplacer les valeurs, hakuna kinachobadilika. Fungua seli moja, weka alama kwenye ile nafasi yenyewe kati ya 1 na 250, inakili, uibandike kwenye kisanduku cha kutafutia. Hapo itaondoka kwenye safu nzima kwa mara moja.

Bei ya 12,50 imekuwa 1250

Huu ni ugomvi wa mkato na nukta. Sisi tunaandika desimali kwa mkato, na faili za CSV zinazotoka kwenye Windows ya Kifaransa hutenganisha safu kwa nukta mkato. Kompyuta iliyowekwa Kiingereza cha Marekani husoma mkato kama kitenganishi cha maelfu, hivyo 12,50 inakuwa elfu moja mia mbili hamsini bila onyo lolote. Kinyume chake hutoa afadhali kidogo: 12.50 ikifika kwenye kompyuta ya Kifaransa huleta Error, na kosa linaloonekana ni rahisi kulitibu kuliko lililojificha.

Usirekebishe kwa kugawanya kwa mia, kwa kuwa bei zisizo na desimali zitaharibika. Kwenye orodha ya hatua upande wa kulia futa hatua inayoitwa Type modifié, ambayo programu iliiweka yenyewe. Kisha bofya ile alama ya aina ya safu, nenda hadi chaguo la mwisho linalotaja paramètres régionaux, chagua namba yenye desimali, na lugha Français. Sasa umeiambia programu faili liliandikwa kwa desturi ya nani, na kompyuta yoyote itakayolifungua itasoma vile vile.

Na kama herufi zenyewe zimechafuka, Société ikawa SociÃ©tÃ©, rudi kwenye hatua ya kwanza ya faili, penye Origine du fichier, uchague 65001: Unicode (UTF-8). Faili za zamani wakati mwingine zinataka 1252. Jaribu moja, halafu nyingine.

Tuko Machi, na chati ina mauzo ya Desemba

"Mama, hii Decemba imetoka wapi?" Bosi akiuliza hivyo ana haki, na jibu liko kwenye tarehe. 12/03/2025 kwetu ni tarehe 12 mwezi wa tatu. Kwa desturi ya Marekani ni tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili. Tarehe 25/03/2025 kwa desturi hiyo haiwezekani, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, basi inabaki maandishi au inakuwa Error.

Hivyo ugonjwa huu una alama yake, na ukishaijua huwezi kuupita: siku 12 za kwanza za kila mwezi zimetawanyika kwenye miezi yote ya mwaka, na siku kuanzia 13 hadi mwisho hazipo kabisa. Tiba ni ile ile ya hapo juu: futa Type modifié, chagua Date kwa paramètres régionaux za Kifaransa. Kama wewe ndiye unayeamua faili lijazwe vipi, andika 2025-03-12, mwaka kwanza. Muundo huo hausomeki kwa namna mbili.

Ukiona safu ya tarehe ina namba kama 45292, usiogope. Excel huhifadhi tarehe kama hesabu ya siku, na hiyo ni 1 Januari 2024. Igeuze aina kuwa Date, itasomeka.

Ripoti ya Januari inabadilika kila unapoifungua

Hapa inabidi tukae kidogo, kwa sababu ndipo ripoti za mji huu huharibika zaidi, na video za ng'ambo hazisemi neno, maana huko wanauza kwa sarafu moja.

Depo ya unga inauza asubuhi kwa franka na mchana kwa dola. Karani anaandika 560000 mstari mmoja na 200 mstari unaofuata, vyote chini ya Montant. Power BI itajumlisha 560,200 na kuchora nguzo ndefu ambayo haina maana katika sarafu yoyote. Chati haitakuonya. Siku zenye wateja wengi wa franka zitaonekana za neema, na siku zenye wateja wa dola zitaonekana mbaya, hata kama mauzo yalikuwa sawasawa.

Hatua ya kwanza ni kuwa na safu ya pili, Devise, yenye CDF au USD tu, kila mstari bila kuacha. Kama zamani alama ya $ iliandikwa ndani ya seli, tengeneza safu hiyo kwa sharti kabla ya kuifuta alama, la sivyo utakuwa umepoteza habari ambayo hairudi.

Hatua ya pili ndiyo inayokosewa. Wengi huweka kiwango cha leo mahali pamoja na kugawanya franka zote kwa hicho. Tuseme mauzo ya franka 560,000 yalifanyika siku ambayo dola moja ilikuwa franka 2,800: ni dola 200. Kiwango kikishuka hadi 2,500, ripoti ile ile sasa inasema 224. Hakuna aliyeuza zaidi. Mwezi uliokwisha umebadilika baada ya kwisha. Mhasibu atakayelinganisha ripoti mbili za Januari zilizochapishwa wiki tofauti ataacha kuiamini kazi yako yote, na hutaweza kumlaumu.

Tengeneza jedwali dogo la viwango: tarehe, kiwango. Liunganishe na mauzo kwa tarehe kupitia Fusionner des requêtes, kisha kokotoa dola za kila mstari kwa kiwango cha siku yake. Jumapili na sikukuu zitakuwa tupu. Panga jedwali la viwango kwa tarehe, likiwa na mstari wa kila siku, utumie Remplir kuelekea chini ili siku tupu ichukue kiwango cha siku iliyotangulia. Na amueni ofisini ni kiwango gani: cha Benki Kuu, au kile ambacho duka lenyewe lilibadilishia siku ile. Vyote viwili vina sababu zake. Kisichokubalika ni karani mmoja kutumia hiki na mwingine kile.

Mauzo ya Kenya yamehamia Nairobi

Lubumbashi ina komuni saba: Lubumbashi, Kampemba, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi na Annexe. Mtu anaweka safu ya Commune kwenye ramani, na duara kubwa kuliko yote linatokea Afrika Mashariki, upande wa pili wa Ziwa Victoria. "Papa, hii Kenya ni ya kwetu ama ya kule?" Programu haina njia ya kujua. Inatuma neno Kenya kwenye huduma ya ramani, na huduma inarudisha nchi.

Unaweza kuisaidia kwa kutengeneza safu ndefu zaidi, kwa mfano: Kenya, Lubumbashi, Haut-Katanga, République démocratique du Congo, na kuipa Catégorie de données inayofaa. Taja jina lote la nchi. Ukiandika Congo peke yake unaweza kujikuta upande wa Brazzaville. Hata hivyo, kwa komuni na kwa mitaa huduma hizi zinajua kidogo mno kuhusu sisi, na njia ya uhakika ni latitudo na longitudo. Chukua viwianishi vya kila depo kwa simu, uvitie kwenye jedwali la depo.

Viwianishi navyo vina makosa yake, na duara likipotea, mahali lilipoangukia panakuambia kosa ni lipi. Lubumbashi iko karibu na -11.66, 27.48. Ukisahau alama ya kutoa, depo yako itaonekana Sudan, maana umeivusha ikweta. Ukibadilishana safu mbili, latitudo mahali pa longitudo, itaangukia Sahara Magharibi. Na isipoonekana popote, rudi kwenye ugomvi wa mkato na nukta: -11,66 imekuwa -1166, na hakuna mahali duniani penye latitudo hiyo. Ramani ikiwa nyeupe tupu, basi tazama intaneti kwanza. Michoro mingine huchorwa bila mtandao, ramani hapana.

Jambo la karibu na hilo: jina Lubumbashi ni la mji na pia ni la komuni moja. Ukiwa na faili moja lenye jumla ya mji na jingine lenye mauzo ya komuni, usiziweke chini ya jina moja. Andika Ville de Lubumbashi na Commune de Lubumbashi.

Na kama umepata faili la mipaka ya mikoa, na Haut-Katanga imebaki bila rangi, hesabu mikoa iliyomo. Tangu 2015 nchi ina mikoa 26. Kabla ya hapo ilikuwa 11, na Katanga ilikuwa moja. Faili la zamani halijui Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami wala Tanganyika. Kivu ya Kaskazini na ya Kusini hazikuguswa mwaka ule, ndiyo maana mwenzako wa Goma au Bukavu ataona faili lile lile linafanya kazi vizuri na kushangaa unalalamikia nini.

Mwisho kuhusu ramani, maoni yangu: kwa komuni saba, nguzo saba zilizopangwa kutoka kubwa hadi ndogo zinasomeka haraka kuliko ramani. Ramani ina faida pale umbali unapohusika, kama unataka kuona depo zipi ziko kwenye njia ya Kasumbalesa na zipi ziko mbali nayo.

Kila depo ina jumla ile ile, au kuna mstari wa (Vide)

Jumla ile ile kwenye kila mstari maana yake majedwali mawili hayajuani. Nenda kwenye ukurasa wa Modèle, utazame kama kuna mstari unaounganisha jedwali la mauzo na jedwali la depo. Hakuna? Buruta safu ya msimbo wa depo kutoka jedwali moja hadi jingine.

Muungano ukiwepo na bado unaona (Vide) yenye pesa nyingi, kuna mauzo ambayo msimbo wake haupo kwenye orodha ya depo. Linganisha aina za safu hizo mbili. Kwenye faili moja depo ni 01, maandishi. Kwenye jingine programu imeifanya namba, na sifuri ya mwanzo imetoweka, imebaki 1. Rudisha zote mbili kuwa maandishi. Ukifanya hivyo baada ya sifuri kupotea haitarudi, kwa hiyo futa tena ile Type modifié ndipo ugeuze. Namba za simu za wateja kutoka M-Pesa, Airtel Money au Orange Money hupatwa na hili hili: si namba za kujumlisha, zichukue kama maandishi tangu mwanzo.

Mauzo yakiongezeka ghafla baada ya Fusionner des requêtes, tafuta jina lililoandikwa mara mbili kwenye orodha ndogo. Kama Sucre 50 kg imo mara mbili kwenye jedwali la bidhaa, kila mfuko uliouzwa utahesabiwa mara mbili. Hesabu mistari kabla na baada ya kuunganisha. Isipolingana, simama hapo.

Faida ni asilimia 312

Asilimia hazijumlishwi. Safu yako ya marge ina 10%, 30%, 18%, na Power BI imezijumlisha kama ilivyozoea kujumlisha kila namba. Wengi hubadilisha kwenda wastani, nambari inarudi chini ya mia, na wanatulia. Lakini wastani huo pia si sahihi. Depo ya kwanza imeuza dola 9,000 na kupata faida ya 900, yaani 10%. Ya pili imeuza 1,000 na kupata 300, yaani 30%. Wastani wa asilimia ni 20. Faida halisi ya biashara ni 1,200 juu ya 10,000, yaani 12. Mtu anayepanga mkopo kwa kuamini 20 anajiumiza kweli kweli.

Tengeneza kipimo kwa Nouvelle mesure:

Marge % = DIVIDE(SUM(Ventes[Bénéfice]), SUM(Ventes[Montant]))

Ukiandika SOMME kama kwenye Excel ya Kifaransa, itakataa. DAX, lugha ya fomula za Power BI, haitafsiriwi, ni SUM kila mahali. Na kama mkato kati ya vipande viwili unaleta kosa ilhali fomula uliinakili vizuri, angalia kwenye Options upande wa DAX: pengine imewekwa itumie vitenganishi vya kompyuta yako, na inangoja nukta mkato.

Miezi inaanza na août

Imepangwa kwa alfabeti: août, avril, décembre. Tengeneza safu yenye namba ya mwezi, 1 hadi 12, kisha chagua safu ya jina la mwezi, bofya Trier par colonne, uchague ile ya namba. Basi.

Faili ni dogo lakini Power BI inakwama

Kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 4 itachoka, hilo ni kweli. Lakini kabla ya kununua nyingine, fungua Options na uzime Date/heure automatique. Ikiwa imewashwa, programu hutengeneza kwa siri jedwali la kalenda kwa kila safu ya tarehe, kuanzia mwaka mdogo hadi mwaka mkubwa uliomo. Karani akikosea mara moja tu na kuandika 2205 badala ya 2025, kalenda hiyo ya siri inanyooka miaka 180, zaidi ya siku 65,000, kwa sababu ya risiti moja. Panga safu ya tarehe kutoka kubwa hadi ndogo, utaiona juu kabisa.

Ondoa pia safu usizozitumia kabla ya Fermer et appliquer. Safu ya maelezo marefu ya kila mauzo hula nafasi kuliko safu zote za namba.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, Power BI ina Récupération automatique inayohifadhi kila dakika 10. Kwa anayefanya kazi bila betri, punguza hadi dakika 3 na uzoee Ctrl+S.

Jana ilifanya kazi, leo haioni faili

Power BI hukumbuka njia nzima ya faili, pamoja na herufi ya flashi. Jana flashi ilikuwa E:, leo ni F:, na kila kitu kimevunjika. Weka faili za data kwenye folda moja ya kudumu ndani ya kompyuta, halafu rekebisha njia kwenye Paramètres de la source de données. Kosa likitaja safu isiyopatikana badala ya faili, mtu amebadilisha jina la kichwa cha safu. Hata nafasi moja ya ziada baada ya Montant inatosha.

Kwa waliopandisha ripoti mtandaoni: kusasisha kwa ratiba hushindwa kompyuta yenye faili ikiwa imezimwa. Faili likiwa OneDrive, halitegemei tena umeme wa ofisi. Kumbuka pia kwamba huduma ya mtandaoni inafuata saa za UTC, na Lubumbashi iko saa 2 mbele. TODAY(), fomula inayotoa tarehe ya leo, baina ya saa sita usiku na saa nane usiku bado itasema ni jana. Na kama mauzo yanaandikwa na mfumo wa makao makuu ya Kinshasa, ambako saa iko moja nyuma yetu, chupa iliyouzwa hapa saa sita na nusu usiku itaandikwa kwenye siku iliyopita. Kwa depo ya unga haina uzito. Kwa baa, inahamisha sehemu ya Jumapili kwenda Jumamosi.

Bosi hawezi kuiona kwenye simu yake

Kushirikisha ripoti ndani ya huduma ya mtandaoni kunahitaji leseni ya Pro, ambayo tangu Aprili 2025 ni dola 14 kwa mtumiaji kwa mwezi, na kwa kawaida anayetazama naye anaihitaji. Ndipo watu hutafuta njia ya mkato, na njia mbili kati ya hizo ni za hatari.

Ya kwanza ni Publier sur le web. Inatoa kiungo cha bure, na yeyote mwenye kiungo hicho anaona, bila neno la siri. Hali ni hiyo hiyo kwa kazi unayochapisha Tableau Public. Usipitishe huko mauzo, mishahara, wala majina ya wateja.

Ya pili ni kutuma faili la .pbix, yaani faili lenyewe la kazi ya Power BI, kwa WhatsApp. Ndani ya faili hilo kuna data yote uliyoingiza, si michoro peke yake. Anayelipokea akifungua ukurasa wa majedwali ataona kila mstari, hata wa kurasa ulizozificha. Ukimtumia msambazaji wako ili aone mauzo ya bidhaa zake, umempa na bei unazonunulia kwa mshindani wake.

Tuma PDF kupitia Exporter. Kabla ya kubofya, pitia vichujio vya kila ukurasa na uvirudishe unavyotaka vionekane, kwa sababu PDF huchukua ukurasa kama ulivyo wakati ule, na anayeisoma kwenye simu hana namna ya kujua kwamba ulikuwa umechuja Katuba peke yake. Andika kipindi, sarafu na kiwango kilichotumika kwenye kichwa cha ukurasa wa kwanza.